Umepata Kazi ya Kwanza ya Picha: Jitayarishe Kabla ya Siku ya Harusi

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, katika miji yetu leo si ajabu kumkuta kijana, wa kike au wa kiume, aliyejifunza kupiga picha kwa jitihada zake mwenyewe. Amenunua kamera kwa fedha za kudunduliza. Amewapiga picha jamaa zake Jumapili baada ya ibada, watoto wa mtaani wakicheza mpira, na mashua zikirudi ufukweni jioni. Watu wameziona picha hizo na kuzisifu. Kisha siku moja jirani anabisha hodi: anamwoza binti yake, kamati ya harusi imekwisha kuanza vikao, na mpigapicha wa mjini ametaja bei ambayo kamati haiimudu. "Basi utupigie wewe," anasema, "nasi tutakulipa."

Neno hilo la mwisho ndilo linalobadili mambo. Anayepigwa picha bure hupokea alichopewa na kushukuru. Anayelipa amekukabidhi siku yake, na siku hiyo haina ya pili. Fundi cherehani akikosea gauni anaweza kulifumua. Seremala akikata ubao vibaya atatafuta mwingine. Lakini mpigapicha aliyekosa dakika ya kuvishana pete hana pa kurudia. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana anayeanza kazi hii hana budi kufahamu kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanywa kabla ya harusi yenyewe, wakati makosa bado yanasahihishika. Makala haya yanaeleza matayarisho hayo hatua kwa hatua.

JIPIME KWANZA

Kabla hujasema "ndiyo," jiulize swali moja: je, umewahi kupiga picha ndani ya ukumbi usiku, watu wakitembea na kucheza, na picha zikatoka safi? Picha nzuri za mchana ufukweni si ushahidi wa kutosha. Kama jibu ni hapana, na harusi ni juma lijalo, hekima ni kumwomba mpigapicha mzoefu akuchukue kuwa msaidizi katika sherehe mbili au tatu. Utambebea mfuko na taa, utawapanga watu, na utaona kwa macho yako jinsi anavyosogea bila kuwazuia wazee kuona. Aidha, ziko kazi ndogo zinazomfaa anayeanza: ubatizo, kipaimara, mahafali ya watoto wa chekechea. Hizo nazo zina uzito wake, lakini huchukua saa chache, na aghalabu hufanyika mchana.

Ukiona unaweza, mweleze mteja ukweli. Mwambie kwamba hii ni kazi yako ya kwanza ya malipo, na mwoneshe picha za shughuli moja tangu mwanzo hadi mwisho. Usimwoneshe picha 10 bora ulizoziokota katika miaka 2. Akizikubali, atakuwa amekukubali jinsi ulivyo, na hatakuja kulalamika kwamba alidanganywa.

MAPATANO YAANDIKWE

Wengi wanaoanza huona haya kuzungumzia fedha na jirani, hasa akiwa mzee anayewaita "mwanangu." Haya hiyo huzaa ugomvi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kazi bila maandishi huishia hivyo hivyo. Karatasi moja yatosha. Iandikwe nakala mbili, kila upande uweke sahihi na kubaki na yake.

Katika karatasi hiyo yaandikwe mambo haya: tarehe, mahali na saa ya kuanza na kumaliza, ni shughuli zipi utakazopiga, kwa maana sendofu ni siku nyingine na harusi ni siku nyingine, picha ngapi zilizosahihishwa utakazotoa, kama zitasafishwa katika karatasi na kutiwa katika albamu au zitatolewa katika diski, siku ya kuzikabidhi, bei, malipo ya awali na siku ya kumaliza deni, na mambo yatakavyokuwa sherehe ikiahirishwa, au wewe mwenyewe ukiugua. Kwa jambo hilo la mwisho, mtafute mapema mwenzako atakayeshika nafasi yako, na jina lake liandikwe.

Uliza pia ni nani mwenye kauli. Katika harusi zetu mama wa bibi harusi anaweza kuagiza hili, shangazi akaagiza lile, na mwenyekiti wa kamati akatengua yote mawili. Omba utajiwe mtu mmoja wa kukuelekeza na mtu mmoja wa kukulipa.

Sasa tuje kwenye bei. Anayeanza huhesabu saa za sherehe peke yake, na hapo ndipo anapojipunja. Chukua mfano huu. Umeanza kazi nyumbani kwa bibi harusi saa 6 mchana na kumaliza ukumbini saa 5 usiku: hizo ni saa 11. Umepiga picha 900, na kila moja imekuchukua dakika 1 kuitazama na kuamua kama itabaki: hizo ni saa 15. Umebakiza 250, na kila moja imekuchukua dakika 3 kuisahihisha: hizo ni saa 12 na nusu. Jumla ni saa 38 na nusu. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa kikomo cha kawaida cha kazi kwa juma. Kwa hiyo harusi moja inakaribia juma zima la mfanyakazi. Ongeza nauli, chakula cha msaidizi, kodi ya vifaa na gharama ya kusafisha picha, ndipo utaje bei. Unaweza kuipunguza kwa sababu wewe ni mwanagenzi, lakini ipunguze ukijua unachokipunguza.

ORODHA YA WATU

Siku chache kabla ya harusi, keti na mtu mmoja wa kila upande, muandike pamoja orodha ya picha ambazo lazima zipatikane. Maharusi na wazazi wa pande zote mbili. Wapambe. Ndugu wa tumbo moja. Mashahidi wakitia sahihi cheti. Kuvishana pete, kukata keki, kulishana, na ndafu ikiwapo. Mpe msaidizi wako orodha hiyo, awe anaita majina huku wewe ukipiga. Aliye bora zaidi kwa kazi ya kuita ni mtu wa familia, kwa kuwa yeye anamjua baba mdogo ni yupi.

Uliza hasa habari za wazee. Yumkini yupo bibi aliyesafirishwa kwa basi kutoka Same au Tukuyu, ambaye hajafika mjini kwa miaka mingi. Yeye hatacheza wala hatasogea mbele ya kamera. Ataketi kimya katika kiti cha nyuma, akichoka atapelekwa nyumbani mapema. Mtafute kabla hajaondoka, umpigie goti, umwamkie, umwombe ruhusa, umpige picha peke yake na umpige akiwa na maharusi. Msomaji anajua jinsi mambo yalivyo katika familia zetu: siku bibi huyo atakapofariki dunia, watu watahangaika wakitafuta picha yake moja nzuri ya kuweka mbele ya jeneza, nao wataitafuta katika albamu ya harusi hii. Hapo ndipo itakapojulikana kama mpigapicha alikuwa mtu makini.

UKAGUE MAHALI NA MWANGA

Nenda kanisani, msikitini au ofisi ya ndoa, na ukumbini, kabla ya siku yenyewe, tena uende saa ile ile ambayo shughuli itafanyika. Tazama madirisha yako upande gani, utasimama wapi, na wapi pana swichi ya kuchomeka chaja. Ukumbini, tazama dari. Dari nyeupe na fupi ni rafiki: ukielekeza flashi juu, mwanga hurudi chini ukiwa laini. Lakini wapambaji wakifunika dari kwa vitambaa vyekundu au vya zambarau, mwanga utakaorudi utawapaka watu rangi hiyo hiyo. Muulize mpambaji atatumia rangi gani, ujue mapema kama flashi yako utaielekeza kwingine.

Nje napo jua lina taratibu zake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara 2 kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu katikati ya Oktoba, na katika miezi mingi mingine haliko mbali na hapo. Mwanga wa saa 6 mchana hutupa vivuli vyeusi machoni na chini ya pua. Ukilazimika kupiga saa hiyo, watafutie watu kivuli cha mwembe au cha baraza. Saa iliyo njema ni baada ya saa 10 na nusu jioni. Hata hivyo jua la hapa huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 kwa kutegemea mwezi, na giza huingia upesi. Kamati ikikuambia kwamba msafara utafika bustanini saa 12 kamili, waeleze kwa upole kwamba saluni ikichelewa au foleni ikizidi barabarani, picha za bustani hazitakuwapo. Waombe wasogeze mbele kwa saa moja. Kamati haikatai jambo lililoelezwa mapema na kwa sababu.

Lipo jambo jingine linalowaponza wanaoanza. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina ung'avu wa wastani. Gauni jeupe likijaa ndani ya picha, kamera hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na uso mweusi wa bibi harusi huzama gizani. Suti nyeusi zikijaa, hufanya kinyume chake, na gauni hupoteza nakshi zake zote. Dawa yake ni kupima mwanga kwa uso wa mtu. Piga picha moja, ikuze katika kioo cha kamera, tazama uso na kisha tazama gauni, halafu urekebishe. Fanya hivyo kila unapohama mahali.

MFUKO WA KAZI

Kanuni ya mfuko wa mpigapicha ni moja: kila kitu ambacho kikiharibika kazi inasimama, kiwe na mwenzake. Betri za kamera ziwe 2 au zaidi, zote zimechajiwa tangu juzi yake, kwa sababu umeme unaweza kukatika usiku wa kuamkia harusi. Betri za flashi ziwe seti 2. Kadi za kumbukumbu ziwe 2 au 3. Ni afadhali kadi kadhaa za wastani kuliko kadi moja kubwa inayobeba harusi nzima. Kamera yenye nafasi ya kadi 2 iwekwe iandike katika zote mbili kwa pamoja. Kamera ya pili, kama huna, iazime au ikodi, na gharama hiyo iingie katika bei. Saa za kamera zote mbili zilinganishwe, la sivyo siku ya kupanga picha keki itakatwa kabla ya pete kuvikwa.

Kuhusu lenzi, usidhani ni lazima ununue ya bei kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye upenyo wa f/1.8 ni miongoni mwa zile za bei nafuu, nayo hupokea mwanga mwingi kuliko lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera. Ukumbini, kasi ya kamera isishuke chini ya sehemu 1 kwa 125 ya sekunde watu wanapotembea. Ili kuipata kasi hiyo, pandisha ISO hadi 1600 au 3200 bila hofu. Picha itakuwa na chembechembe kidogo, na hizo mteja huzisamehe. Picha iliyotikisika haina msamaha.

Weka pia kitambaa laini cha lenzi, mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua za masika, maji ya kunywa na kalamu. Na ukumbuke kwamba katika joto la pwani, kamera iliyokaa ndani ya gari lenye kiyoyozi hushika ukungu mara itolewapo nje. Iache ndani ya mfuko wake ipate joto polepole kabla hujaitumia.

Halafu fanya mazoezi. Seydou Keïta, mpigapicha mashuhuri wa Bamako nchini Mali aliyefungua studio yake mwaka 1948, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu, kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali. Kwa hiyo mkao, nguo na mwanga vilikuwa vimekwisha kuwekwa sawa kabla hajabonyeza. Wewe una nafasi ya kupiga mamia, lakini pete huvikwa mara moja. Usiku, nyumbani, washa taa moja, waombe wadogo zako watembee kukujia wakicheza kama maharusi wanaoingia ukumbini, nawe urudi kinyumenyume ukipiga. Badilisha kadi gizani. Badilisha betri bila kutazama. Rudia mpaka vidole vizoee.

HESHIMA NA DINI ZA WATU

Mpigapicha huruhusiwa kuingia mahali ambapo mgeni mwingine haruhusiwi, na ruhusa hiyo ni amana. Kanisani, muulize padri au mchungaji mapema wapi usimame na kama flashi inaruhusiwa wakati wa ibada. Katika ndoa ya Kiislamu, uliza nani na nani wapigwe picha. Sherehe za wanawake peke yao, ambako wanavua mitandio na kucheza kwa uhuru, aghalabu hutaka mpigapicha wa kike, na picha zake hazitoki nje ya familia. Kama wewe ni mwanamume, usisubiri kufukuzwa mlangoni. Waambie kamati tangu mwanzo wamtafute dada wa kazi hiyo.

Usizitangaze picha za mtu mtandaoni kwa ajili ya kujipatia wateja bila idhini yake ya maandishi, hasa za watoto. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na ya familia yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito. Swali hilo nalo liwemo katika karatasi ya mapatano.

Vaa nadhifu, nguo isiyoshindana na ya maharusi. Waamkie wazee. Kula unapoambiwa kula, lakini usile wakati wa hotuba. Pombe iache mpaka siku nyingine.

BAADA YA NGOMA KWISHA

Ukirudi nyumbani, hata kama ni saa 8 usiku, usilale kabla hujanakili picha zote mahali pawili: katika kompyuta na katika diski ya nje. Kesho yake diski hiyo iweke katika nyumba nyingine, kwa maana mwizi au moto havichagui. Kadi usizifute mpaka mteja awe amepokea kazi yake.

Katika siku mbili za kwanza mpelekee mteja picha 10 nzuri, familia ifurahi wakati sherehe ingali moyoni. Nyingine zifike siku mliyoandikiana au kabla yake. Unaposahihisha, tengeneza mwanga, usibadilishe watu rangi. Wapo wapigapicha wanaowapausha maharusi wakidhani wanawapamba. Mtoto wao atakapoiona picha hiyo baada ya miaka 20, amtambue mama yake.

Na kazi yako itunze. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza baada yake. Kwa sababu picha zao zilitunzwa, watu wa leo wanaweza kuziona harusi, nyuso na mitaa ya Unguja ya miaka ile. Walikuwa mafundi waliolipwa na wateja wao kama utakavyolipwa wewe.

Ndugu msomaji, kama kamera iko mikononi mwako na jirani amekwisha kubisha hodi, usianze kwa kuisafisha lenzi. Chukua daftari. Andika tarehe, mahali, saa, majina ya wazee wa pande zote mbili, na bei uliyoipiga hesabu. Kisha nenda kwa jirani huyo jioni, uketi naye na mwenyekiti wa kamati, muyapitie yote mstari kwa mstari. Mkikubaliana na kutia sahihi, nenda ukaukague ukumbi.